Pesa, Hali ya Maisha na Ngozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma na Tabora

Majibu haya ni kwa watu wa Kigoma na Tabora, kuanzia Ujiji na Katonga mpaka Urambo na Sikonge. Bei hatujaziweka kwa sababu hubadilika kila msimu. Tumeweka vipimo, ili ukifika duka la dawa ujue unahitaji kiasi gani kabla hujatoa hela.

Ni kweli wenye pesa wana ngozi nzuri kuliko sisi?

Mara nyingi ndiyo. Ngozi ya mtu mwenye uwezo hunawiri kwa sababu bomba liko ndani ya nyumba, sakafu ni ya saruji, kila mtoto ana kitanda chake, kazi inafanyika kivulini, samaki na mboga havikosekani mezani, na kipele kikitokea daktari anakiona wiki ileile. Losheni ya bei ghali iko mkiani kabisa mwa orodha hiyo. Mgeni akiingia ndani huona chupa zilizopangwa kabatini; simtanki lililo juu ya paa halitazami, na ndilo lililofanya kazi kubwa.

Pesa ni sabuni ya roho, tunasema. Kwenye ngozi nayo husafisha, ila wapo wanaoitumia kujiunguza, na hao tutawafikia.

Maji yanahusikaje hasa?

Shirika la Afya Duniani huhesabu lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupikia na usafi wa lazima. Hiyo ni ndoo moja kubwa. Familia ya watu sita inahitaji ndoo sita, na pale maji yanaponunuliwa kwa mkokoteni au kubebwa kichwani, ndoo sita hazifiki. Kinachokatwa kwanza huwa ni kufua mashuka, halafu kuogesha watoto. Majipu na upele hupata mwanya hapo.

Lita 5 zinamtosha mtu mzima kuoga vizuri akizipanga. Lowesha mwili kwa kata mbili. Paka sabuni kwapani, kwenye mapaja, makalio, nyayo na katikati ya vidole. Mgongo, mikono na miguu haihitaji povu kila siku kama hukushinda kwenye vumbi au jasho. Suuza kuanzia juu kushuka. Kausha katikati ya vidole vya miguu kwa kitambaa, maana fangasi hupenda unyevu wa hapo.

Sabuni ya mche, pamoja na nyingi zinazotengenezwa nyumbani kwa mawese, zina pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 9 hadi 10, wakati uso wa ngozi uko karibu na 5. Anayejisugua povu na dodoki mwili mzima mara mbili kwa siku atapauka tu, apake mafuta asipake. Sabuni ya nyumbani iliyotoka kwenye ukungu jana ni mbaya zaidi, kwa sababu kostiki soda haijamalizika kuungana na mafuta. Iache wiki nne hadi sita mahali pakavu kabla ya kuigusisha mwilini.

Kiangazi kikishika, Juni hadi Septemba, miguu inakuwa nyeupe kama imepakwa unga. Ninunue losheni gani?

Pengine usinunue yoyote. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato wala rangi, huzuia maji yasitoke kwenye ngozi kuliko karibu losheni zote za dukani, na kopo lake ni la bei ya chini. Kosa liko kwenye wakati wa kupaka. Ukioga, ukakaa nusu saa, ndipo ukapaka, unafunika ukavu. Mafuta yanashika vumbi na jioni miguu imepauka vilevile. Jipanguse maji yasichuruzike, kisha paka ndani ya dakika tatu, ngozi ingali na ubichi. Chukua kiasi cha punje ya harage kwa mkono mmoja na mara mbili yake kwa mguu, yayeyushe kwanza viganjani. Visigino vilivyopasuka vipake usiku, uvae soksi za pamba.

Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yanafaa kwa mwili pia. Ila yakipakwa kwa wingi kwenye nywele hushuka kwenye paji la uso, yanaziba vinyweleo na kuleta chunusi ndogondogo mstari mzima chini ya nywele. Hizo hazihitaji dawa. Sogeza mafuta nyuma, zitaisha zenyewe baada ya wiki kadhaa.

Mawese nile au nipake?

Kula. Rangi yake nyekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kijiko kimoja cha chakula ndani ya mboga kinampa mtu mzima sehemu kubwa ya anachohitaji kwa siku. Usiyachemshe mpaka yawe meupe, maana hapo karotini imekwisha kuungua.

Chakula cha aina moja kinaweza kuonekana kwenye ngozi?

Sana. Anayekula ugali wa mahindi mwezi hadi mwezi bila samaki, karanga, maharage wala nyama anaweza kupungukiwa vitamini B3 na kupata pelagra: ngozi inayopigwa na jua, hasa shingoni kuzunguka kama mkufu, mikononi na miguuni, hukolea weusi, ikakakamaa na kuchubuka. Wengi huidhania kuunguzwa na jua, au kurogwa. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliipata baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Vidonge vya nikotinamaidi, yaani vitamini B3 hiyohiyo, huanza kuleta nafuu ndani ya siku chache. Mtu wa Kigoma anayekula dagaa kila siku yuko salama zaidi kwa hili kuliko mwenzake wa kijijini Tabora anayengoja nyama ya sikukuu.

Kwa mtoto, ukiona miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi na ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta, hiyo ni kwashiakoo. Mpeleke kituo cha afya leo.

Upele nyumbani kwetu hauishi. Tunapaka dawa, unarudi. Ni uchafu?

Si uchafu. Upele huletwa na mdudu mdogo anayehama kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, na watoto wanne kwenye godoro moja wanampa safari ya bure kila usiku. Mtoto wa tajiri huoga kwa sabuni ileile, ila hulala peke yake.

Unarudi kwa sababu tatu, na ya kwanza ndiyo inayoshinda zote: dawa haikutosha. Tufanye hesabu. Mafuta ya maji ya benzaili benzoeti, yale ya BBE ya asilimia 25, mtu mzima hutumia kama mililita 30 kwa kupaka mara moja, shingoni mpaka nyayoni. Mtoto wa shule hupakwa yaliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Mchanganyiko wa mililita 20 una dawa mililita 10. Wazazi wawili na watoto wanne ni mililita 100 kwa usiku mmoja, na kwa usiku tatu mfululizo ni 300. Familia nyingi hununua chupa moja ya 100, wakampaka anayejikuna, wakagawana tone lililobaki. Hapo mdudu hakuguswa.

Sababu ya pili ni wasiojikuna kuachwa. Anayeambukizwa mara ya kwanza huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kujikuna, na muda huo wote anaeneza. Pakeni nyumba nzima usiku uleule, akiwemo bibi na dada wa kazi.

Ya tatu ni kuruka sehemu: katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, chini ya matiti, makalio, sehemu za siri. Ukinawa mikono baada ya kupaka, ipake tena.

Asubuhi baada ya usiku wa kwanza, fua mashuka na nguo za kulalia kwa maji ya moto uzianike juani. Zisizofulika, kama blanketi zito, zifunge ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu hadi nne. Mdudu huyu haishi nje ya mwili zaidi ya hapo. Mjamzito na mtoto mchanga wasipakwe BBE kali. Kwao kuna mafuta ya salfa ya asilimia 5 hadi 10, au krimu ya pemetrini ya asilimia 5, ambayo huachwa mwilini saa 8 hadi 14 na kurudiwa baada ya wiki moja.

Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya mdudu kufa, kwa hiyo usikimbilie kupaka tena kila siku. Dawa yenyewe itakuunguza. Ila vidonda vyenye usaha visingoje. Bakteria wanaoingia kwenye mikwaruzo ya upele wanaweza kumletea mtoto ugonjwa wa figo: uso kuvimba asubuhi, mkojo wa rangi ya chai.

Mapunye je? Kila akinyolewa yanarudi.

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, hata krimu iwe ya bei gani. Fangasi wamekaa ndani ya shina la unywele, mahali ambapo krimu haifiki. Dawa ni ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto, wiki sita hadi nane, na inafyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta. Mzazi huona nywele zinaota wiki ya tatu akaacha, na mwezi ujao mapunye yako palepale.

Kwa kinyozi, mwombe atoe nywele zote kwenye meno ya mashine kwa brashi, kisha afute kwa spiriti ya asilimia 70 na kuiacha ikauke yenyewe. Kupitisha kitambaa haraka hakutoshi. Wenye nafuu hununua mashine yao. Majirani wawili watatu wanaweza kuchangia moja kwa ajili ya watoto wao, ilimradi wote watibiwe kwanza.

Funza nao ni suala la pesa?

Ni suala la sakafu. Kiroboto wa funza hukua kwenye vumbi kavu la ndani na la kibarazani. Palipo na saruji hana pa kutagia. Asiye na saruji anaweza kumwagia maji sakafu kila siku kabla ya kufagia, kuisiriba udongo upya inapochanika, na kuwatoa mbuzi, nguruwe na mbwa wasilale ndani.

Kumchokoa kwa pini inayopita mguu hadi mguu huleta pepopunda na magonjwa ya damu. Kama ni lazima kumtoa, tumia sindano mpya kwa kila mtu, osha kidonda kwa sabuni, na hakikisha mtu ana chanjo ya pepopunda. Ukipata mafuta mepesi ya dimetikoni, yanayouzwa kama dawa ya chawa, yapake mguu mzima bila kuchokoa. Yanaziba tundu analopumulia funza, naye hufa humohumo.

Sisi weusi tunahitaji losheni ya kukinga jua?

Inategemea wewe ni nani. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, inayokadiriwa kulingana na losheni ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 13 hivi, wakati ya mzungu ni kama 3. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwetu. Kinachotusumbua ni madoa: kovu la chunusi au mabaka ya mashavuni kwa wanawake hukolea zaidi kwa jua, na jua letu la saa sita mchana ni kali mno. Tabora, iliyo kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi, hupata miale mikali kidogo kuliko Kigoma iliyo chini ufukweni.

Mwenye mabaka usoni na hela ya kutosha, anunue losheni ya SPF 30 au zaidi yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, na inazuia mwanga wa kawaida, ambao nao huchochea weusi. Kipimo ni mistari miwili iliyojaa juu ya vidole viwili, kwa uso, masikio na shingo, takriban mililita moja. Chupa ya mililita 50 inakaa kama mwezi mmoja na nusu ukipaka mara moja kwa siku. Mwili mzima unahitaji mililita 30 kwa kupaka mara moja, yaani chupa hiyohiyo haifiki siku ya pili. Mkulima wa tumbaku Urambo au mama anayeanika dagaa Kibirizi asijiingize kwenye hesabu hiyo. Kofia pana, mikono mirefu na kanga kichwani vinafanya kazi bora, na havinunuliwi kila mwezi. (Wavuvi wa dagaa wenyewe hutoka usiku na taa. Jua lote wanalimeza wanaoanika.)

Kwa wavunaji wa tumbaku kuna jambo lingine: nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka kwenye majani mabichi yenye umande. Kizunguzungu na kutapika wakati wa mavuno si malaria kila mara. Subiri majani yakauke, vaa glavu na koti la mvua, nawa mikono mpaka viwiko ukimaliza.

Na mwenye ualbino?

Huyo kwake losheni ni dawa, si urembo. Bila kinga, saratani huweza kumpata akiwa kijana kabisa. Apake dakika 20 kabla ya kutoka na kurudia kila saa mbili akiwa juani, pamoja na kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi pande zote. Kofia ya besiboli huacha masikio na shingo wazi, na saratani hupenda hapohapo. Hospitali ya KCMC, Moshi, kupitia kituo chake cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, hutengeneza losheni iitwayo KiliSun mahsusi kwa watu wenye ualbino, nayo hugawiwa kupitia kliniki. Uliza hospitali ya Maweni, Kigoma, au Kitete, Tabora. Kidonda cha usoni, sikioni au mkononi kisichopona wiki nne kionwe na daktari hata kama hakiumi.

Mkorogo una nini ndani? Mbona wanaoutumia wanang'aa?

Wanang'aa miezi ya mwanzo. Tukisema kweli, huu ndio ugonjwa wa ngozi ambao pesa inauleta yenyewe: mwenye nazo kidogo hununua kopo la kupimiwa, mwenye nazo nyingi huagiza krimu, sabuni, mafuta na sindano.

Ndani kuna vitu vitatu vya kuogopa. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, iliyokusudiwa kutibu magonjwa sugu kwa wiki mbili tu. Ikipakwa miezi, ngozi inakonda kama karatasi, michirizi mipana inachora mapajani na mikononi, vinyweleo vinaota usoni, fangasi wanatanda wakiwa wamejificha, na mshono wa upasuaji unakataa kushika. Haidrokwinoni, inayofifisha rangi ya ngozi, hutumika hospitali kwa asilimia 2 hadi 4 na kwa muda maalumu. Ya mkorogo haina kipimo, na mwisho wake ni weusi wa bluu mashavuni usiotoka kirahisi. Afrika Kusini iliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1990, na Tanzania nayo imeipiga marufuku. Zebaki hupita kwenye ngozi mpaka kwenye figo, na humfikia mtoto aliye tumboni au anayenyonya. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025.

Namna ya kushtuka dukani: kopo lisilo na orodha ya viungo, lenye maneno clobetasol, betamethasone, hydroquinone, mercury, mercurio au calomel, lisilo na alama ya TBS, shirika linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019, linaloonya lisiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, maana hiyo ni dalili ya zebaki, na krimu yoyote inayokufanya mweupe ndani ya wiki moja. Sugu za vidole, magoti na viwiko hubaki nyeusi kwa sababu ngozi ya hapo ni nene. Hata anayeficha, vidole humsema.

Nimeacha mkorogo, uso unawaka moto. Nirudie?

Usirudie, ila usiruke ghafla kama ulipaka mwili mzima kwa miezi. Steroidi nyingi hulaza tezi zinazotengeneza homoni yake mwilini, na kuacha siku moja kunaweza kuleta kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuzimia. Nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi, usione haya. Jina la krimu linamsaidia tabibu kuliko maelezo yako ya saa nzima.

Kwa uso peke yake, njia inayotumika mara nyingi ni kushuka kwa ngazi, chini ya uangalizi wa tabibu: haidrokotisoni, steroidi hafifu, ya asilimia 1 mara moja kwa siku wiki mbili, kisha siku moja ndiyo moja hapana wiki mbili nyingine, kisha basi. Muda huo osha kwa maji tu, paka mafuta ya mgando, acha skrabu, limao, asali na dawa ya meno. Kuwaka na vipele huja na kuondoka wiki kadhaa hadi miezi. Rangi yako hurudi polepole, na kwa kawaida hupitia mabaka kabla ya kulingana. Kipindi hiki ndicho kinachowarudisha wengi dukani.

Chunusi za binti yangu zinaisha kwa kitu gani?

Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si juu ya chunusi moja moja, usiku mmoja na kuruka mmoja wiki mbili za kwanza, kisha kila usiku. Itaondoa rangi kwenye foronya na kanga, basi alalie nguo ya zamani. Matokeo huonekana kuanzia wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Wanaobadilisha dawa kila wiki mbili hawaponi chochote. Asizikamue.

Soda, juisi za sukari na vyakula vya ngano nyeupe huzidisha chunusi kwa baadhi ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwachunguza watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanaokula viazi, matunda, samaki na nazi, na haukuona chunusi hata kwa mmoja. Hapa, kwa mara moja, mwenye friji ya soda yuko pabaya zaidi.

Wenye pesa wana matatizo gani mengine?

Seramu tano juu ya uso mmoja hadi ngozi inachachamaa. Unga wa protini wa maziwa kwa vijana wa mazoezi, unaowaletea chunusi mgongoni. Sindano za glutathioni za kung'arisha, ambazo usalama wake haujathibitishwa na huweza kudhuru ini na figo. Leza za kuondoa nywele zinazoendeshwa na asiyejua ngozi nyeusi: mashine inayotufaa zaidi ni Nd:YAG ya nanomita 1064, za mwanga mpana, ziitwazo IPL, hutuunguza na kuacha madoa. Ukisafiri kwenda kulipia huduma hiyo, uliza aina ya mashine kabla ya bei.

Kwani mwonekano una faida gani ya fedha?

Ipo. Mwaka 1994 wachumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle walionyesha, kwa takwimu za Marekani na Kanada, kwamba wanaoonekana wa wastani hulipwa zaidi ya wanaohesabiwa kuwa na sura mbaya. Kwa hiyo msichana wa kaunta anayepaka mkorogo hajachanganyikiwa. Anasoma soko la kazi kama lilivyo. Lawama ianzie kwa mwenye duka anayechagua wafanyakazi kwa rangi.

Nina hela kidogo tu mwezi huu. Nianze na nini?

Kwa mpangilio huu: dawa kamili ya upele au mapunye kama yamo ndani ya nyumba, ndoo ya ziada yenye mfuniko na maji ya kufulia mashuka mara moja kwa wiki, kopo la mafuta ya mgando, kofia, chandarua na mkeka au godoro la pili ili watoto wapungue kitandani. Fangasi wa mwilini wanatibika kwa mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisili asilimia 3, mara mbili kwa siku kwa wiki nne, na ni ya bei ndogo. Yasipakwe usoni wala sehemu za siri, yatawasha. Kikibaki kitu, ndipo ufikirie losheni ya uso.

Kusafisha uso saluni si lazima hata kidogo.

Daktari wa ngozi yuko mbali. Nifanyeje?

Kwa reli kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea ndivyo vinavyofanya ugonjwa wa wiki mbili uwe wa miaka miwili. Anza Maweni au Kitete. Wakihitaji msaada watawasiliana na hospitali ya Bugando, Mwanza, au KCMC, na mara nyingi picha nzuri inaokoa safari. Piga mchana, kivulini karibu na mlango, bila flashi. Zima kipengele cha kulainisha uso kwenye simu. Usipake mafuta. Piga moja ya mbali kuonyesha ni sehemu gani ya mwili, na moja ya karibu yenye sarafu pembeni. Andika lini ilianza, inawasha au inauma, na umekwisha kupaka nini. Taja pia kama ni moto au imevimba, kwa sababu wekundu unaoelezwa vitabuni, kwenye ngozi yetu huonekana zambarau, kijivu au weusi tu.

Doa jeusi linalokua unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha lisingoje picha. Kwa watu weusi melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, hutokea zaidi sehemu hizo, na huchelewa kutambuliwa kwa kudhaniwa jeraha la kiatu. Ya Bob Marley, aliyefariki Mei 1981, ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Kuna matibabu ya ngozi yasiyolipiwa?

Ukoma. Dawa zake mseto hutolewa bure duniani kote tangu 1995, kwa miezi 6 au 12 kutegemea idadi ya mabaka. Dalili ni baka lililofifia au lenye rangi ya shaba lisilowasha na lisilohisi. Mfumbe mtu macho, gusa baka kwa ncha ya pamba, kisha gusa ngozi ya pembeni, aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Akikosa kwenye baka mara mbili tatu, mwende kituo cha afya mkaulizie mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Watu wote anaoishi nao nao wakaguliwe.